Mteja wa Sukari Guru

Ikhlas alipopiga simu kutoka Malaba, mama yake alikuwa juu ya stuli akitundika kitenge kipya mbele ya kibanda. Ilibidi Hasina ashuke kwanza ndipo aelewe anachoambiwa.

"Watu wa televisheni wanakuja Jumamosi, Mama. *Hoteli Bila Menyu* imefikisha miaka thelathini tangu ianze, wanafanya kipindi maalumu. Wanataka kumrekodi Baba hapo nyumbani."

"Nani kawaambia waje?"

"Mimi. Walinitafuta nikakubali. Na Bi Karafuu pia atakuja."

Hasina alikaa kwenye ile stuli. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na dereva mmoja alikuwa akinunua ndizi kupitia dirishani. Alimtazama dereva huyo mpaka akamaliza kuhesabiwa chenji.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo lilikuwa kweli, na Ikhlas hakujua ni kweli kiasi gani. Alikuwa akifanya kazi ya kupitisha mizigo kule Malaba, akija nyumbani Burumba, mjini Busia, Jumapili tu, na Jumapili Hasina alikuwa ameshapata ujuzi wake. Alimwogesha mzee mapema, akamvalisha kofia, akamketisha karibu na redio na kuifungulia sauti. Binti akimuuliza baba yake jambo, mama alijibu kabla yake. Ikhlas alirudi Malaba akijua kwamba baba amezeeka na anasahausahau kidogo, kama wazee wote.

Hakuna mtu wa Busia wa rika fulani asiyemjua mzee Mbarak, ingawa wengi hawalijui jina hilo. Wao wanamjua Sukari Guru. Alikuwa karani wa kampuni ya malori jijini Nairobi, jioni akifanya maigizo na kikundi kwenye ukumbi wa kijamii, mpaka watu wa televisheni walipokuja kuangalia na kumchukua. Akawa mwenye hoteli ya mchezo, hoteli isiyo na menyu. Mteja akiingia na kuuliza kuna nini, Sukari Guru alifuta meza kwa mkono wa shati na kumjibu, "Kwani wewe una njaa ya nini?" Mteja akitaja chochote, hata kama ni nyama ya mbuni, Sukari Guru aliapa kwamba kipo, kisha akakimbilia jikoni kumbembeleza mkewe, Bi Karafuu, atende miujiza. Nusu ya raha ilikuwa kumsikia Bi Karafuu akimtukana. Jumatano jioni Burumba yote ilijibana kwenye nyumba chache zenye televisheni, na vicheko vilisikika mpaka barabarani.

Malipo hayakuwa makubwa, kwa hiyo Hasina hakuhamia Nairobi. Alibaki na watoto, akivuka upande wa Uganda kuchukua vitenge na kuviuza upande huu. Mbarak alikuja mwisho wa mwezi kwa basi la usiku. Akitembea sokoni watoto walimfuata wakiita, "Sukari! Una njaa ya nini?" naye aliwajibu wote, hakumchoka hata mmoja.

Siku moja mama mteja kutoka Bukhayo alikuwa akichagua kitenge, na jirani wa kibanda akamwambia kwamba huyu muuzaji ndiye mke wa Sukari Guru. Yule mama alicheka. "Acha mchezo. Mke wa Sukari Guru tunamjua." Hakuwa na ubaya wowote. Hasina alimpimia kitambaa chake akamkunjia vizuri. Lakini tangu siku hiyo, kila kipindi kilipoanza alipata vyombo vya kuosha. Alikaa jikoni, na kupitia ukuta mwembamba alisikia kila neno la mume wake na la yule mwanamke mwingine, na kila kicheko cha watoto wake mwenyewe.

Sasa mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Daktari ndiye aliyeuita hivyo. Ulianza na njia ya kurudi kutoka msikitini, ukaja kwenye majina ya wajukuu. Kisha jioni moja ya Ramadhani, wakati Hasina akimwekea uji wa kufuturu, mzee alimtazama akamuuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, "Dada, Karafuu ameenda wapi?"

Hasina alidhani ni utani. Mzee aliuliza tena kesho yake. Mwisho wa mwezi ule Hasina alikuwa ameshatoka kabisa kichwani mwa mume wake. Mbarak alimkubali kama mtu wa nyumba ile, mtu mwenye amri nyingi, na kila siku alimsubiri mkewe Karafuu arudi kutoka sokoni. Alipochoka kusubiri alijaribu kutoka kwenda kumtafuta. Ndiyo maana geti la Hasina lilikuwa na kufuli mchana na usiku, na majirani walisema kwamba siku hizi mama Ikhlas ana maringo.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje kusema?

*

Jumamosi gari la televisheni lilifika baada ya adhuhuri. Prodyusa alikuwa kijana mpole aitwaye Victor, na alikuja na mtu wa kamera na mtu wa sauti. Victor alimwinamia mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, mimi nimelelewa na wewe. Mama alikuwa anatunyima chakula mpaka kipindi kiishe, kwa sababu hakuna mtu angekula."

Mbarak alitabasamu. "Karibu, boss. Kaa."

Walimketisha barazani, kwenye kiti kilicho karibu na meza ndogo. Hasina alikuwa amemvalisha kanzu nyeupe, lakini alipogeuka kuwapokea wageni mzee alikuwa amevua viatu na kuvaa malapa mawili tofauti, moja la bluu na moja la Ikhlas la zamani. Hakukuwa na nafasi tena ya kumbadilisha. Hasina alisimama mlangoni, ufunguo wa geti kifuani.

"Mzee, wasalimie watazamaji," Victor alisema.

Mbarak aliitazama kamera. Mabega yake yalinyooka. "Hamjambo nyote," alisema, kwa sauti ambayo Hasina hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. "Karibuni hotelini. Wenye pesa na wasio na pesa, ila wasio na pesa wakae karibu na mlango."

Wale vijana walicheka. Ikhlas, aliyekuwa amekaa kando ya ukuta, alipiga makofi na kumtazama mama yake kama kusema, unaona? Hasina alishusha pumzi. Labda, aliwaza. Labda itapita hivi hivi.

"Sasa tuambie, mzee. Siku ya kwanza kurekodi, ilikuwaje?"

Mbarak alifikiri. Alitazama mikono yake. Akatazama ile meza, akaanza kuifuta kwa mkono wa kanzu.

"Alikuwa na homa siku hiyo," Hasina alisema kutoka mlangoni. "Alirekodi akiwa na homa."

"Asante, mama," Victor alisema kwa upole. "Lakini tumwache mzee ajibu mwenyewe."

Mzee aliendelea kufuta meza. Ikhlas aliacha kutabasamu. Hasina alifungua mdomo aongeze neno, na hapo ndipo geti lilipogongwa.

Ilibidi aende yeye, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake. Nje alisimama mwanamke mnene kidogo, mvi zimefungwa kwa kitambaa cha zambarau, akiwa na mkungu wa ndizi alioununua njiani. Walikuwa wamewahi kusalimiana mara moja tu, kwenye korido ya studio, Ikhlas akiwa mgongoni.

"Hujambo, dada," alisema Everline, yule aliyeigiza Bi Karafuu. "Nimechelewa. Nimetoka Khunyangu, barabara imenitesa."

"Sijambo. Karibu." Hasina alipokea ndizi. Alitaka kumshika mkono pale pale na kumwambia: subiri, usiingie, nikueleze kwanza. Aliinua uso amwambie, na Everline alikuwa ameshapita.

Mbarak alimwona. Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Karafuu," alisema. "Karafuu, ulikuwa wapi?"

Everline alicheka, akapanua mikono kama walivyozoea kwenye mchezo. "Nilikuwa sokoni, wewe mzee usiye na haya. Pesa uliyonipa ilitosha kununua chumvi tu." Mtu wa kamera alisogea karibu. Everline alikuwa amejitayarisha kwa mzaha, na alipofika mbele ya Mbarak akaona kwamba yule mzee analia.

"Nimekusubiri," Mbarak alimwambia. "Nimeulizia kila mahali. Hawa watu wananifungia geti."

Mikono ya Everline ilibaki hewani. Alimtazama Victor, akamtazama Ikhlas, mwisho akamtazama Hasina, na kutoka usoni mwa Hasina alielewa.

Victor hakuwa ameelewa bado. "Mzee," aliuliza akicheka, "na huyu mama pale mlangoni ni nani?"

Mbarak alipangusa macho, akamtazama Hasina kwa makini. "Huyo ni mpishi mpya," alisema. "Mkali sana. Lakini anajua kupika, sitamfukuza."

Mtu wa sauti alicheka, akakata kicheko katikati. Ikhlas alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Hasina aliweka ndizi chini. Alitembea mpaka mbele ya kamera akasimama hapo, gauni lake likiziba kioo chote.

"Zima," alisema.

"Mama, naomba—"

"Nimesema zima."

Victor alimpa ishara mwenzake, na taa nyekundu ikazimika. Kisha akamsogelea Hasina, akashusha sauti. "Pole, mama. Sikujua, wallahi sikujua. Lakini nisikilize kidogo. Nyanya yangu alikuwa hivi hivi. Tulimficha mpaka akafa, na kila nyumba inaficha wake. Watu wakimwona Sukari Guru namna hii, wataelewa, na watu watapata nguvu. Hii si ya kuchekesha tena. Hii itagusa nchi."

Hasina alijua kwamba kijana anasema kitu cha kweli. Hilo lilimkasirisha zaidi.

"Mtazame miguu," alisema. "Huyu mtu alikuwa anapaka viatu rangi hata akienda kununua mkate. Hakuwahi kusimama mbele ya watu viatu vikiwa na vumbi. Sasa amevaa malapa mawili hayafanani, na hajui. Nyinyi mnataka kumwonyesha nchi nzima kitu ambacho yeye mwenyewe akikijua angekufa kwa aibu. Akili yake ikirudi kesho, muulizeni. Akikubali, rekodini."

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Ikhlas alikuwa nyuma yake. "Kila Jumapili nimekaa hapa nikinywa chai. Hukuniambia."

"Ungemchukua."

"Ningekusaidia."

"Ningekuambia nini, Ikhlas? Kwamba baba yako ana mke, na mke mwenyewe si mimi?"

Walikuwa wamepandisha sauti bila kujijua, na hakuna aliyekuwa akimwangalia mzee mwenyewe. Mbarak hakupenda ugomvi. Alitazama vyuma vya kamera, mifuko myeusi, vijana wageni wamesimama barazani kwake, naye akapata maelezo yake.

"Hawa ni askari wa kanjo," alimnong'oneza Everline. "Wamekuja kufunga hoteli. Tangu asubuhi hatujapata mteja hata mmoja, ndiyo sababu wametudharau. Ngoja nikatafute wateja barabarani."

Akashuka ngazi. Geti lilikuwa wazi, vile Everline alivyoingia, na kufuli lilikuwa mkononi mwa Hasina.

Everline ndiye aliyeona kwanza. "Mzee, rudi," aliita. "Baba watoto, rudi ndani." Mbarak alipunga mkono bila kugeuka. Nje ya geti pikipiki zilipita zikipiga honi, na kule mbele, pale njia inapokutana na barabara kubwa, lori lilikuwa likirudi nyuma na utingo akipiga bodi kwa kofi.

Victor alianza kukimbia.

"Usimguse," Hasina alisema. Wiki iliyopita alikuwa amemshika mkono kwa nguvu hapo hapo getini, na mzee akampiga kwa hofu, kisha akajikwaa akaanguka kifudifudi. Alama ilikuwa bado kwenye goti lake. Akivutwa na mtu asiyemjua, ataruka barabarani.

Mbarak alikuwa amefika kizingitini. Mguu mmoja ulikuwa ndani, ule wa lapa la bluu, na mwingine nje.

Hasina aliinua kile kiti kilichoanguka, akakiburuta kwa kelele mpaka kwenye meza ndogo, akakaa. Alipiga meza kwa kiganja.

"Hapa hakuna mwenye hoteli?" aliita kwa sauti. "Mtu anakaa na njaa, hakuna wa kumhudumia?"

Mzee alisimama. Akageuka polepole.

"Nimetoka mbali mimi," Hasina aliendelea. "Kama mmefunga semeni, niende kwingine."

"Hatujafunga," Mbarak alijibu. Alirudi, kwanza akitembea, kisha karibu kukimbia, akipanda ngazi kwa malapa yake. Alifika mezani akihema, akaifuta kwa mkono wa kanzu. Nyuma yake Ikhlas alipita kimyakimya na kulisukuma geti.

"Karibu sana, mama. Samahani. Tumekuwa na wageni wa serikali."

"Kuna nini leo?"

Uso wa Mbarak ukafunguka. "Kwani wewe una njaa ya nini?"

Maneno hayo Hasina alikuwa ameyasikia kupitia ukuta wa jikoni Jumatano baada ya Jumatano. Hakuwahi kuulizwa yeye. Macho ya mzee yalikuwa yakisubiri.

"Mbuta," alisema hatimaye. "Mzima. Wa kukaanga, na kichwa chake."

"Yupo." Mzee aligeukia mlango wa jikoni. "Karafuu, mbuta mzima kwa mama."

Everline alikuwa ameshaingia mlangoni na kushika kiuno. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilitoka kama zamani. "Mbuta gani? Humu kuna maharagwe ya jana, na hata hayo yamenuna. Umemwahidi mtu samaki, umemvua wewe?"

"Punguza sauti, mteja anasikia."

"Asikie. Aende kwa watu wenye akili."

Mbarak alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwinamia Hasina na kumwambia kwa siri, "Usimjali. Mbuta yuko njiani, anavuliwa sasa hivi. Utaweza kusubiri kidogo?"

"Nimezoea kusubiri."

Alimtazama. Kitu fulani katika jibu hilo kilimfanya asite kidogo, kwani halikuwa la mchezo. "Bwana yako hatakutafuta?"

"Bwana yangu yuko kazini Nairobi."

"Anarudi lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Mzee alitikisa kichwa. "Hiyo ni mbali," alisema kwa uzito. "Mwanamke hakai peke yake hivyo. Akirudi mwambie mimi ndiye nimesema." Akaichukua chupa ya chai iliyowekwa kwa ajili ya wageni, akaanza kummiminia kikombe. Hasina alishikilia kikombe kwa chini ili chai isimwagike. "Kunywa hii kwanza. Hii hatuuzi."

Hasina alikunywa. Victor alikuwa ameketi ngazini, ameigeuza kamera kioo kikitazama sakafu.

*

Mzee alipolala kidogo baada ya hapo, Victor alifuta mbele ya Ikhlas kila alichorekodi, akabakiza ile salamu ya mwanzo tu. Hasina aliikubali hiyo. Ndani yake Mbarak alikuwa mzima, na kamera haikufika miguuni.

Jikoni Everline alimenya ndizi pamoja na Hasina.

"Mimi sikuolewa," Everline alisema. "Unajua hilo? Kila mwanaume aliyekuja kwetu, baba zangu wadogo walicheka wakamuuliza kama ameshaongea na Sukari Guru. Wa mwisho alikuwa mwalimu. Alisema hawezi kuishi na mke ambaye nchi nzima inamwita wa mtu mwingine. Nikakaa na hasira na bwana yako miaka mingi, na hakuwa amenikosea."

"Mimi nilikuwa na hasira na wewe," Hasina alisema.

"Najua. Ile siku studio ulinipa vidole viwili tu vya kusalimia."

Hasina alicheka bila kutaka. Everline naye akacheka, na ikawa rahisi kidogo kukaa pamoja.

Ikhlas hakurudi Malaba jioni ile. Alilala sebuleni, na asubuhi ni yeye aliyemwogesha baba yake, akiongozwa na mama kwa maneno machache. Walikubaliana kwamba atakuja siku mbili katika wiki ili Hasina aende kibandani bila kumfungia mtu ndani. Walizozana pia, kwa sababu Ikhlas alitaka waajiri mtu na Hasina hakutaka mgeni amshike mume wake. Hawajamaliza kuzozana.

Kipindi maalumu kilipotangazwa, majirani waliomba kuja, na safari hii Hasina aliwafungulia. Akiteng wa nyumba ya pili alileta karanga za kuchemsha. Hasina aliwaambia mlangoni, kabla hawajaketi, mzee anaumwa nini, na atakuwa anauliza nini. Alisema mara moja, kwa haraka, akiwatazama shingoni badala ya machoni. Akiteng alisema kwamba kaka yake kule Amagoro ana hali hiyo hiyo, akaingia akakaa.

Hasina hakwenda jikoni. Alikaa kwenye mkeka karibu na kiti cha mzee, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona kwa macho yale aliyoyajua kwa masikio: namna Sukari Guru alivyokimbia akiinua magoti juu, namna alivyokunja shingo Bi Karafuu alipomrushia mwiko. Chumba kizima kilicheka. Mbarak alicheka kuliko wote, akimwonyesha kidole yule mwanaume kijana kwenye kioo.

"Huyo jamaa ni nani?" alimuuliza Hasina.

"Ni mtu wa hapa Busia."

"Anachekesha. Lakini atafilisika, hana menyu."

Ugonjwa haukupona, na daktari alishasema hautapona. Siku nyingine mzee akikataa kula, Hasina huvuta kiti, hupiga meza na kuita mwenye hoteli, na mara nyingi mzee huinuka kumhudumia, kisha wote wawili hula. Kuna siku haisaidii. Mzee humtazama tu akipiga meza, kisha humwambia kwa adabu kwamba hapa si hotelini, mama, hapa ni nyumbani kwa watu. Siku kama hizo Hasina huomba radhi, hukaa naye barazani, na jua likizidi huvuta kiti cha mzee kivulini.